Cheni mpya inaruka, shokapu inagonga: usiuze baiskeli yako, mwalimu

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari anayeishi Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji la Arusha:

"Shikamoo fundi. Mwaka jana nilinunua baiskeli ya mlimani ya mtumba: tairi 29, shokapu mbele tu, gia 12 nyuma, sproketi moja mbele, breki za diski za mafuta. Siku tano za wiki naenda nayo kazini mjini, Jumamosi napanda nayo msitu wa Olmotonyi. Miezi miwili iliyopita cheni ilianza kuruka nikikanyaga mlimani. Nikawekewa cheni mpya, sasa inaruka kuliko mwanzo. Shokapu nayo inagonga kwenye mawe, na mikono inakufa ganzi. Wenzangu wananishauri niiuze nitafute yenye shokapu mbili. Nina kilo 72. Nifanyeje?"

Marahaba mwalimu. Usiiuze. Kwa maelezo yako baiskeli hiyo haijachoka, imekosa matunzo tu, na matunzo yenyewe yatakugharimu kidogo kuliko pesa ya kuongezea ili upate nyingine. Tena kwa njia unazopita, lami ya kwenda mjini na udongo wa Olmotonyi, baiskeli ya shokapu moja ndiyo ningekuchagulia hata kama ungekuja kwangu na pesa ya zile za shokapu mbili. Sababu nitakupa huko mbele. Tuanze na cheni, maana hiyo ndiyo inayoweza kukuangusha: mguu umekanyaga kwa nguvu zote, cheni inaruka jino, goti linaingia kwenye usukani.

Aliyekuwekea cheni mpya hakukosea kuibadilisha. Kosa ni kwamba ilibadilishwa imeshachelewa, halafu kaseti ya zamani, lile fungu la sproketi (magurudumu yenye meno) za nyuma, ikaachwa pale pale. Cheni ya baiskeli, iwe ya Phoenix ya babu au ya gia 12 kama yako, ina pini kila nusu inchi. Watu husema cheni imevutika, lakini chuma hakivutiki kama mpira. Vumbi limeingia kati ya pini na pingili, likasaga kidogo kidogo, kila tundu likalegea kwa upana wa unywele. Zidisha unywele huo kwa pingili zaidi ya mia, cheni nzima imekuwa ndefu. Cheni iliyorefuka haikai tena kwenye bonde la jino, inapanda juu kidogo, na huko juu inalisaga jino mpaka lichukue umbo linaloifaa yenyewe. Kwa hiyo cheni mbovu na kaseti mbovu huzeeka pamoja, na kwa muda mrefu hutasikia lolote. Ukiweka cheni mpya yenye vipimo vya kiwandani juu ya meno yale yaliyolika, haipati pa kukaa. Ukikanyaga kwa nguvu, inateleza.

Hata hivyo sitaki ununue kaseti kwa maneno yangu tu. Panda baiskeli mahali penye mwinuko usio na magari, kanyaga kwa nguvu kwenye kila gia, na uangalie inaruka wapi. Ikiruka kwenye sproketi mbili au tatu za katikati, zile unazozitumia kila siku kwenda mjini, na ikatulia kabisa kwenye ile kubwa ya mwisho ambayo huigusi mara kwa mara, basi ni kaseti. Ikiruka kwenye zote, kuna jambo lingine. Simama nyuma ya baiskeli, chuchumaa, tazama vile vigurudumu viwili vidogo vya mkono wa kubadilishia gia. Vinatakiwa vining'inie wima, kimoja chini ya kingine, mstari mmoja na sproketi iliyo juu yake. Vikiinama kuelekea kwenye spoku, hanga imepinda. Hanga ni kile kipande kidogo cha alumini kinachoushika mkono huo kwenye fremu, na kimetengenezwa laini makusudi ili kipinde chenyewe kabla fremu haijavunjika. Baiskeli iliyosafirishwa kwenye buti la basi chini ya magunia, au iliyoangukia upande wa kulia mara moja tu, mara nyingi imepinda hapo. Kila fremu ina hanga ya umbo lake, na dukani huikuti kirahisi, kwa hiyo ukifanikiwa kuipata nunua mbili, moja uifunge chini ya kiti kwa utepe. Kitu cha mwisho cha kuangalia ni pingili ngumu: zungusha pedali kinyumenyume polepole, na kama kuna pingili isiyokunjika vizuri utaiona inaruka kidogo kila inapopita kwenye vigurudumu vile.

Nikiweka dau, naweka kwenye kaseti. Sasa kabla hujatoa pesa, hesabu meno ya sproketi yako ndogo kuliko zote. Ikiwa ina meno 11, kuna uwezekano mkubwa habu yako, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, inapokea kaseti za kawaida, zile zinazoingia kwenye baiskeli nyingi sana. Ikiwa ina meno 10, habu ni ya aina nyingine: kuna ya kampuni ya Shimano na kuna ya kampuni ya SRAM, na haziingiliani. Jambo hili ni la msingi kwa sababu vipuri vya gia 12 hapa kwetu ni vya kuagiza, wakati vya gia 8 na 9 havisumbui. Mwenye habu ya kawaida anaweza kuamua kushuka mpaka gia 9, akabadilisha kaseti, cheni, mkono wa nyuma na kibadilishio cha kwenye usukani kwa pamoja, na baada ya hapo hasubiri tena mzigo kila kitu kinapolika. Kwenye milima yako utaikosa ile sproketi kubwa sana ya nyuma, lakini ukiweka sproketi ya mbele yenye meno 30 badala ya 32 miguu italalamika kidogo tu. Mimi mwenyewe, kwa mtu anayeitegemea baiskeli kwenda kazini, ningelifikiria hilo kwa uzito. Kama kipato kinaruhusu kuagiza, baki na gia 12 zako, zina raha yake.

Na sproketi ya mbele uiangalie pia. Meno yakiwa yamechongoka na kulalia upande mmoja kama pezi la papa, nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Ukishafunga vipya, nunua rula ya chuma yenye upande wa inchi. Utepe wa fundi cherehani usiutumie, ule unavutika kweli. Weka sifuri katikati ya pini moja, cheni ikiwa imekazwa, kisha tazama inchi ya 12. Cheni mpya ina pini pale pale kwenye 12. Pini ikisogea mbele kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, yaani kama milimita 1.5, badilisha cheni wiki hiyo, kaseti bado itakuwa salama. Ikifika moja ya nane ya inchi, milimita 3, kaseti imeshakwenda nayo. Pima kila mwisho wa mwezi, ni kazi ya dakika moja. Bei ya kaseti moja ya gia 12 hununua cheni tatu hivi, na anayebadilisha cheni kwa wakati anaweza kuitumia kaseti ile ile kwa cheni tatu.

Sasa niulize cheni yako inalika haraka kwa nini. Nenda kaiguse. Paka kidole mafuta yaliyo juu yake, sugua na dole gumba. Kama unasikia chembe chembe na kidole kimekuwa cheusi tii, umepata jibu. Wengi wetu tumezoea kupaka cheni oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari, kwa sababu ni ya bure na inang'aa. Oili ile ni nzito, tayari ina vyuma vilivyosagika ndani yake, na inakamata lile vumbi laini la Ngaramtoni kama unga kwenye mkono wenye maji. Vumbi likichanganyika na oili linakuwa msasa wa majimaji, na wewe unaukanyaga kilomita zaidi ya ishirini kwa siku. Nunua kichupa cha mafuta mepesi ya cheni, kinakaa miezi. Weka tone moja kwenye kila pingili upande wa ndani, zungusha pedali nyuma mara ishirini, acha usiku kucha, asubuhi futa kwa kitambaa mpaka nje ya cheni pawe pakavu. Mafuta yanahitajika ndani ya pingili. Ya nje ni ya kukusanya uchafu tu.

Kusafisha tumia maji, sabuni ya vyombo na brashi kuukuu. Mafuta ya taa yanasafisha cheni vizuri, lakini iwe imevuliwa na iko kwenye kopo, mbali na diski za breki. Tone moja la mafuta likiingia kwenye pedi za breki, pedi hizo zitapiga kelele na hazitashika tena sawasawa. Na tafadhali usiipeleke kwenye zile pampu za kuoshea magari. Maji ya nguvu yanapita kwenye sili za habu na za krenki (mhimili wa pedali), yanafukuza grisi, na baada ya mwezi beringi zinanguruma.

Tuje kwenye shokapu. Ya kwako huenda ni ya hewa, kwa sababu baiskeli nyingi za bei ya kati zenye gia 12 huja na ya hewa. Hakiki hivi: juu ya mguu wa kushoto, mara nyingi, kuna kifuniko, na chini yake kuna valvu kama ya tairi la gari. Kama ni hivyo, kugonga kwake ni kwamba hewa imepungua. Hewa ya shokapu huvuja taratibu hata ikiwa nzima, na ya mtumba iliyokaa kontena miezi kadhaa huwa imepungua sana. Usiijaze kwa kompresa ya gereji. Nafasi ya ndani ni ndogo mno, upepo wa kompresa unapita kiwango kwa kufumba na kufumbua, unaharibu sili. Inatakiwa pampu yake ndogo yenye saa ya kuonyesha kipimo cha upepo. Kwenye shokapu nyingi kuna kibandiko nyuma ya mguu kinachoonyesha uzito wa mpandaji na kiasi cha upepo. Anza na cha kilo zako 72 pamoja na begi, kisha pima kwa kuzama.

Kupima kuzama ni hivi. Kwenye bomba moja linalong'aa kuna kipete cha mpira. Kama hakipo, funga uzi. Kisukume mpaka chini kwenye sili. Panda taratibu, simama juu ya pedali mikono ikiwa kwenye usukani, mtu akushikilie, halafu shuka bila kuibonyeza. Kama shokapu yako ina safari, yaani urefu inaoweza kuzama, ya milimita 120, kipete kiwe kimepanda milimita 24 hadi 30. Kikizidi, ongeza upepo. Kikipungua, toa. Siku hiyo hiyo hutaisikia ikigonga.

Lakini hewa ni nusu ya habari. Mwezi uliopita nilifungua shokapu ya kijana mmoja anayepita njia kama zako, alikuja akisema imekuwa ngumu. Nilipolegeza boliti za chini na kuvuta miguu, ilitakiwa itoke oili nyembamba inayopitisha mwanga. Yalitoka matone machache ya rojo la rangi ya udongo, mazito kama uji, na sponji zilizo chini ya sili zilikuwa kavu zimejaa mchanga. Mabomba yake yalikuwa yameanza kukwaruzika upande wa nyuma, mahali ambapo hakuna mtu anayeangalia. Kukwaruzika huko hakurudi. Kusafisha miguu ya chini na kuweka oili mpya ni kazi inayotakiwa kila baada ya saa 50 za kupanda, na gharama yake ni oili kidogo tu na muda wa fundi. Wewe hesabu saa za msituni: kila Jumamosi unapanda kwa muda wa saa tatu, wiki kumi na saba umefika 50. Kwa hiyo mara tatu kwa mwaka inatosha, moja iwe kabla ya masika na nyingine mara tu mvua zikikatika. Kila ukirudi safari, futa mabomba kwa kitambaa safi kabla vumbi halijakauka kwenye sili. Na kwenye lami ifunge kwa kile kitufe cha juu, ila ukifika Olmotonyi kumbuka kuifungua. Kuna watu wanapanda mwaka mzima imefungwa, wakidhani shokapu yao ni mbovu.

Ganzi ya mikono sidhani inatoka kwenye shokapu. Natilia shaka matairi. Ukisimama kujaza upepo barabarani, kijana wa kompresa anajaza mpaka tairi ligome kama jiwe, kwa sababu kwake tairi zuri ni tairi gumu. Kwa baiskeli ya mizigo ana haki. Kwa tairi la mlimani la upana wa inchi 2.25 au 2.4 linakuwa na psi (kipimo cha upepo) 50 na zaidi, na hapo kila jiwe dogo linapita moja kwa moja mpaka kwenye kiganja. Tairi ndiyo shokapu ya kwanza ya baiskeli, na nyuma ndiyo pekee uliyonayo. Kwa kilo 72 na tyubu za kawaida, anza na psi 26 mbele na 29 nyuma kwa ajili ya msitu. Ukisikia rimu inagonga jiwe, ongeza 2. Kwa siku za lami panda mpaka 35. Ndiyo, unakuwa na upepo wa Jumatatu na upepo wa Jumamosi, na unahitaji pampu yako ya mguu yenye saa. Kifaa hiki kimoja kitakubadilishia baiskeli kuliko kingine chochote nilichotaja.

Ukichoshwa na miiba ya migunga, na ukishuka kuelekea Kisongo utachoshwa, angalia kama rimu zako zinakubali kukaa bila tyubu. Tairi linawekewa silanti, maji mazito ya utomvu yanayoziba tundu la mwiba huku unaendelea kukanyaga, na unaweza kushusha upepo psi tatu au nne zaidi. Ila kwa joto letu silanti hukauka ndani ya miezi miwili au mitatu, na anayesahau kuongeza hubaki na ngozi kavu ndani ya tairi na pancha kama kawaida.

Ganzi pia hutokana na kukaa. Pua ya kiti ikiinama mbele, unateleza na mikono inabeba mwili. Kiweke sawa na ardhi. Kimo chake kiwe kwamba ukiweka kisigino kwenye pedali iliyo chini, mguu unanyooka kabisa. Ukikanyaga kwa kitako cha vidole goti litabaki na mkunjo kidogo.

Sasa hao wenzako na shokapu mbili. Wana hoja: nyuma inapolainishwa, mtu anashuka kwa kasi zaidi na mgongo unapona. Lakini baiskeli ile ina viungo nyuma, kila kiungo kina beringi au bushi, na ina shokapu ya pili yenye sili zake na hewa yake. Kila nilichokueleza juu ya vumbi kizidishe mara mbili. Tena kwa bei ile ile ya mtumba, utapata ya shokapu mbili iliyochoka badala ya ya shokapu moja iliyo nzima, na beringi za viungo vyake zina vipimo ambavyo utavitafuta mpaka Nairobi. Vijana wa California walioanzisha mchezo huu miaka ya 1970 walishuka njia moja ya mlimani karibu na mlima Tamalpais kwa baiskeli nzito zisizo na shokapu hata moja. Breki yao ya kukanyaga nyuma ilipata moto mpaka grisi ikaungua, na kila wakifika chini walilazimika kufungua habu na kupaka grisi upya. Ndiyo maana njia ile ikaitwa Repack, yaani kupaka upya. Shokapu ya mbele ya kampuni ya RockShox ilikuja mwaka 1989. Kabla ya hapo magoti ndiyo yaliyofanya kazi, na kwenye haditeli, ndivyo inavyoitwa ya shokapu moja kama yako, magoti bado yana kazi.

Ukianza kuteremka Olmotonyi, shusha kiti kwa sentimita tano hivi. Simama, pedali zote mbili ziwe sambamba na ardhi, uzito uwe miguuni, viwiko na magoti vilegee. Kidole kimoja kwenye kila breki, kinatosha kwa breki za mafuta, vingine vishike usukani. Gurudumu la nyuma liache lirukeruke chini yako bila kukubeba. Punguza mwendo kabla ya mizizi, ukiwa juu ya mizizi yenyewe usikamate breki, hasa baada ya mvua, ule udongo ukilowa hausamehe. Wakati wa kupanda fanya kinyume: kaa, sogea mpaka ncha ya kiti, inamisha kifua, usisimame, maana ukisimama gurudumu la nyuma linakosa uzito na kuzunguka bure.

Breki hukuziuliza ila neno moja. Ikifika siku ya kuongeza mafuta, usikubali mtu amimine ya breki za gari kabla hujasoma maandishi kwenye kishikio. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Za SRAM nyingi zinatumia DOT, aina ya mafuta ya breki za gari. Ukikosea, sili zinavimba na breki nzima inatupwa.

Kaseti iwe ya kwanza, oili ya shokapu iwe ya pili, pampu yenye saa iwe ya tatu, mwalimu. Kesho kabla ya kutoka, hesabu meno ya sproketi ndogo, soma jina lililoandikwa kwenye mkono wa gia, unitumie. Nikishajua ni 10 au 11 nitakwambia uagize nini. Kwa sasa nenda kazini kwa zile sproketi zisizoruka, na ukipanda mlima usisimame juu ya pedali.